Baiskeli ya Mazoezi ya Mtumba Yenye Intaneti, Ngamiani Tanga: Chuma ni Chako, Kioo Kina Mwenyewe

Kwa msomaji anayetaka jibu kabla ya kutoa pesa, hukumu yangu ni hii: baiskeli yenyewe ni imara, imetengenezwa kwa ustadi na inafaa sana kwa mazoezi ya nyumbani, lakini inunue kwa bei ya baiskeli ya mazoezi ya kawaida, wala usiongeze hata shilingi moja kwa ajili ya kioo kikubwa kilichofungwa mbele yake, yaani skrini ya kuonyesha madarasa ya mazoezi kwa video kupitia intaneti. Duka tulilonunua lina wahudumu wenye adabu na bidhaa zilizotunzwa vizuri. Tatizo ni kwamba halimwelezi mnunuzi jambo moja ambalo, akilijua, hawezi kukubali bei iliyobandikwa.

Duka hilo lipo Ngamiani, katika mojawapo ya zile barabara za namba, na linauza vifaa vya mazoezi vilivyotumika ambavyo, kwa maelezo ya wenyewe, huletwa kwa makontena kutoka Uingereza na Dubai. Sitaji jina la duka wala la kampuni iliyoitengeneza baiskeli, kwa sababu ninayoyaeleza yanahusu aina nzima ya biashara inayozidi kuingia kwetu. Mgeni anaweza kushangaa kuwa katika mji kama Tanga, ambao baiskeli ndiyo usafiri wa fundi, wa muuza samaki na wa mwanafunzi, kuna mtu anayetafuta baiskeli isiyokwenda popote. Wanunuzi wapo. Wapo wazee wanaoumwa magoti, wapo wanawake wanaopenda kufanya mazoezi ndani kwa stara, na wapo wengi walioambiwa hospitalini kwamba sukari na shinikizo la damu havitaki kukaa tu. Sisi tuliitafuta kwa ajili ya mama mkwe, ambaye hawezi tena kujibanza kando ya barabara huku bajaji na bodaboda zikimpita ubavuni.

Nianze na chuma, kwa kuwa ndicho kinachostahili sifa. Fremu ni nzito kiasi cha kuhitaji watu wawili kuibeba, na uzito huo ndio unaoifanya itulie sakafuni hata mtu mnene anapokanyaga kwa nguvu. Haina mnyororo. Ina mkanda unaozungusha gurudumu zito la mbele bila kelele, hata aliyelala chumba cha pili haamki. Ugumu wa kukanyaga hauletwi na pedi zinazosugua gurudumu na kuisha, bali na sumaku zinazosogezwa karibu yake au mbali nalo kwa kitasa chekundu kilicho chini ya usukani. Ukikizungusha unahisi miguu ikianza kufanya kazi kama mtu anayepandisha mlima, na ukikirudisha inalegea palepale. Kutu nilikuta kidogo tu, kwenye boliti za miguu ya nyuma. Hapo mnunuzi wa Tanga awe makini, maana upepo wa bahari yetu una chumvi, na kifaa kilichokaa miaka kwenye nyumba ya nchi ya baridi kinaanza maisha mapya kabisa kikifika huku. Kipanguse jasho kila baada ya mazoezi na upake grisi kidogo kwenye boliti.

Pedali zilikuwa zile zinazotaka viatu maalumu vyenye kibati cha kunasia chini ya soli, viatu ambavyo duka halina. Kwa hili Tanga imebarikiwa. Pedali za aina hiyo kwa kawaida hutumia skurubu ya inchi 9/16, ambayo ndiyo ya baiskeli nyingi za barabarani, na fundi wa baiskeli wa mtaani kwetu alizifungua akiwa amesimama, akikumbuka bila kuambiwa kuwa pedali ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kinyume na ya kulia, akafunga pedali pana za kawaida ambazo mama anakanyaga kwa kandambili.

Sasa kioo. Dukani kiliwashwa mbele yetu, kikang'aa vizuri, kikaonyesha picha ya mwalimu wa mazoezi akitabasamu, na kijana wa dukani akasema kwa kujiamini, "Kioo kizima kabisa, mama, hakina hata mkwaruzo." Mama mkwe akamuuliza, "Kizima nimeona, mwanangu, lakini hayo maandishi kinataka nini?" Akajibu, "Kinataka akaunti tu, mama. Mnajisajili kwa simu, mnaendelea." Maneno yale yalikuwa kweli nusu. Kinataka akaunti, na akaunti inataka ada ya kila mwezi inayolipwa kwa kadi ya benki kwa fedha za kigeni, na kampuni haiorodheshi Tanzania miongoni mwa nchi inazozihudumia. Bila hayo, kioo hakionyeshi darasa lolote, wala hakihifadhi umbali au muda wa mazoezi. Kinabaki kwenye ukurasa wa kujisajili.

Biashara ya baiskeli zenye kioo cha madarasa inaeleweka vizuri zaidi kwa kutazama kampuni inayojulikana kuliko zote katika fani hii, Peloton ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 2012. Mapato yake hayategemei kuuza baiskeli pekee, yanategemea pia usajili wa kila mwezi, ambao kwa wenye vifaa vyake nchini Marekani ulipandishwa Oktoba 2025 hadi dola 49.99, yaani zaidi ya shilingi laki moja kwa mwezi. Baiskeli ilipoanza kuhama kutoka kwa mnunuzi wa kwanza kwenda kwa wa pili, kampuni iliona watu wengi wakijiunga kwa njia hiyo, na Agosti 2024 ikatangaza kwamba yeyote anayenunua baiskeli iliyotumika kutoka kwa mtu mwingine, Marekani au Kanada, atalipa mara moja dola 95 za kuiwezesha kabla hajaruhusiwa hata kuanza kulipa ada ya mwezi. Fedha hizo zinazidi shilingi laki mbili. Kwa upande wake kampuni ilieleza kwamba mnunuzi atapewa historia ya matumizi ya kifaa na msaada wa kukirekebisha kilingane na mwili wake.

Mimi naiona ada hiyo kuwa si haki. Baiskeli ilishalipiwa kikamilifu na mnunuzi wa kwanza. Anayeinunua mkono wa pili haiongezei kampuni gharama ya chuma, na kama atataka madarasa atayalipia kila mwezi kama mteja mwingine yeyote. Ada ya katikati inapunguza thamani ya mali iliyo mikononi mwa muuzaji, kwa sababu kila mnunuzi mwenye hesabu ataikata kwenye bei, na kwa hiyo anayeilipa hasa ni yule yule aliyekwisha kulipa mara ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba huduma ni ya kampuni na kampuni ina uhuru wa kuipangia masharti. Hoja hiyo ina uzito, na hata sheria haiipuuzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Impression Products dhidi ya Lexmark iliyohusu katriji za wino wa printa, iliamua kwamba mwenye hataza, yaani haki ya mvumbuzi kuzuia wengine kutumia uvumbuzi wake, akishauza bidhaa, haki yake ya hataza juu ya bidhaa hiyo imekwisha, hata kama iliuzwa nje ya nchi. Uamuzi huo unamlinda mwenye chuma, lakini haumlazimishi mtu kutoa madarasa ya video bure. Kinachonisumbua ni pale ambapo huduma na chuma vimefungwa pamoja makusudi, hata kazi ambayo mashine ingeweza kuifanya yenyewe inazuiwa hadi ulipe. Mwaka 2021, baada ya mashine zake za kukimbilia aina ya Tread+ kurudishwa kwa sababu za usalama, Peloton iliweka kufuli ya namba ya siri ambayo mwanzoni ilihitaji usajili, na watu waliokuwa wamenunua mashine ya dola 4,295 wakajikuta hawawezi hata kukimbia tu juu yake bila kulipia mwezi. Kwa usumbufu huo kampuni iliwasamehe ada ya miezi 3. Mwaka huo huo wamiliki wa mashine za mazoezi za NordicTrack, chapa nyingine ya Marekani, walifungiwa njia waliyokuwa wakiitumia kuingia kwenye mfumo wa vioo vyao na kutazama video za kwingine. Katika visa vyote viwili mabadiliko yaliingia kupitia intaneti, mashine ikiwa tayari ipo nyumbani kwa mtu.

Kwa mnunuzi wa kwetu, jambo la kwanza la kuuliza dukani ni namna ugumu unavyobadilishwa. Baiskeli yenye kitasa kinachosogeza sumaku kwa mkono, kama hii yetu, itafanya kazi hata umeme ukikatika na hata kampuni ikifilisika kesho. Ile ambayo ugumu wake unabadilishwa na mota inayoamriwa na kioo ni hatari kuinunua, kwani kioo kikigoma, umebaki na chuma chenye ugumu wa aina moja. Mwambie muuzaji achomoe waya wa umeme kabisa, kisha panda ukanyage na uzungushe kitasa. Muuzaji mwaminifu hatakataa. Mashine nyingi za kukimbilia haziwezi kupita jaribio hili kwa sababu zina mota inayozungusha mkanda, na zile zilizotengenezwa kwa soko la Marekani huja na umeme wa volti 120 wakati wetu ni 230, kwa hiyo utaongeza gharama ya transfoma kubwa. Soma namba zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mashine au cha adapta yake kabla ya kuichomeka.

Kuna suala la usalama ambalo linanigusa kuliko hata ada. Mei 2023 Peloton ilitangaza marekebisho ya baiskeli zipatazo milioni 2.2 nchini Marekani kwa sababu bomba linaloshikilia siti lilikuwa linaweza kukatika mtu akiwa amekaa. Taarifa rasmi zilitaja matukio 35 ya kukatika na majeruhi 13, na wamiliki wakapewa bomba jipya bila malipo. Fikiria baiskeli iliyouzwa, ikauzwa tena, ikapakiwa kwenye kontena na kushuka pwani ya Afrika Mashariki. Tangazo la namna hiyo hutumwa kwa mteja aliyesajiliwa, na mnunuzi wa mtumba hayumo kwenye orodha yoyote. Kwa hiyo chomoa bomba la siti lote, likague lilipounganishwa, hasa kwenye mshono wa kulehemu, na tafuta mtandaoni kwa jina la toleo lililoandikwa kwenye fremu. La kwetu lilikuwa zima, lakini tulilikagua wenyewe. Dukani hakuna aliyekuwa na habari kwamba linapaswa kukaguliwa.

Tulipoiwasha nyumbani tukakuta pia jina la kwanza la mwenye baiskeli wa zamani, picha yake ndogo na uzito wa mwili wake, vyote vikiwa wazi kwenye kioo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata kama isingekuwapo, ni aibu kuuza afya ya mtu pamoja na chuma chake. Duka lifute kila kioo kabla ya kukiweka mbele ya wateja. Ni kazi ya dakika chache.

Kuhusu bei, kibandiko kilisema laki tisa na nusu, na muuzaji alitetea kiasi hicho kwa hoja ya kioo na intaneti. Tulimwonyesha baiskeli nyingine ya mazoezi iliyokuwa humo humo dukani, isiyo na kioo, yenye sumaku na mkanda kama hii, iliyoandikwa laki tano. Baada ya majadiliano marefu ya kistaarabu tulimaliza kwa laki tano na nusu, hiyo hamsini ikiwa ni kwa ajili ya uzito wa fremu. Mama mkwe anaitumia kila asubuhi baada ya swala, simu ikiwa imeegemezwa pale palipokuwa na kioo, akisikiliza redio. Kioo tumekifungua, kipo kabatini.

Kisheria muuzaji wa namna hii hayuko huru kunyamaza. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia. Kuandika "ina intaneti" kwenye kifaa ambacho huduma yake haitolewi Tanzania, na ambacho hata huko inakotolewa hulipiwa kila mwezi, kwa maoni yangu ni kumpotosha mnunuzi. Nilimweleza hivyo mwenye duka, ana kwa ana na kwa heshima, akanisikiliza, akakiri kwamba naye huuziwa mzigo bila maelezo hayo, na akaahidi kuandika kwenye kila kifaa iwapo kinahitaji ada na iwapo kinafanya kazi bila hiyo. Vibandiko vya baiskeli mbili vimeshabadilishwa. Mashine ya kukimbilia iliyopo karibu na mlango bado imeandikwa "smart, intaneti ipo" kwa milioni mbili na laki tatu, na atakayevutiwa nayo adai kwanza kuiona ikizunguka kabla mtu yeyote hajaingiza akaunti.