Maktaba ya vitabu vyenye mwandiko wa mwandishi, Moshi: uzoefu wangu

Moshi mjini kuna maktaba moja binafsi ambayo sijaona mtu akiieleza popote, ndiyo maana nimeona niandike. Jina sitalitaja. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu na hataki kutangazwa, anasema watu wakijaa viti havitoshi. Ukifika maeneo ya mnara wa saa muulize muuza magazeti "kwa Mwalimu wa vitabu" ni wapi, utaelekezwa.

Kinachokusanywa pale ni vitabu vya waandishi wa Kilimanjaro na majirani zetu wa Arusha na Meru, na sharti ni kwamba nakala iwe imeandikwa ndani na mwandishi mwenyewe. Saini peke yake haitoshi. Wanataka iwe kitabu ambacho mwandishi alimpa mtu: jina la aliyepewa, mahali, tarehe, na neno lolote alilomwambia.

Mimi nina steshenari, na kazi inayonilisha ni kutaipu na kupanga kurasa za watu wanaojichapishia vitabu wenyewe. Wachungaji, manesi, walimu, wazee wa ukoo. Mtu anachapisha nakala mia mbili au mia tatu Dar, zinakuja kwa basi ndani ya maboksi, anazindua kanisani baada ya ibada ya pili. Mgeni rasmi ananunua ya kwanza kwa laki ili watu wapige makofi, wengine wananunua kwa elfu kumi na kupanga foleni waandikiwe. Ikifika Jumatatu kitabu hakipo tena. Dukani hakijawahi kufika. Kisheria nakala zinatakiwa zipelekwe Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar es Salaam, lakini wateja wangu wengi hata ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, huwa hawaombi, wanaona ni mambo ya watu wakubwa. Kwa hiyo nakala zilizobaki duniani ni zile za foleni ya kanisani, na karibu zote zina mwandiko ndani. Ukilielewa hilo, utaona sharti la Mwalimu si la ajabu kama linavyosikika mara ya kwanza.

Utaratibu ni huu. Unasalimia, unaandika jina kwenye daftari, begi linabaki mlangoni. Peni hairuhusiwi ndani. Kijana wa mapokezi anakupa penseli. Ada ni elfu moja kwa siku, wanafunzi hawalipi. Kuazima hakuna kabisa, usijisumbue kubembeleza. Unataja unachotaka, kinaletwa mezani kimoja kimoja. Pazia ni zito na hufungwa muda wote kwa sababu jua hufifisha wino wa peni. Chumba kinakuwa na joto, na feni moja tu inazunguka, nendeni mkiwa mmevaa kiwepesi.

Nilichokwenda kuangalia kwanza ni kama vile nilivyovipanga mimi vipo. Vinne vipo. Kimojawapo ni historia ya ukoo mmoja wa Kibosho, na nilikuwa nadhani nakijua neno kwa neno maana nilikitaipu mimi. Nakala ya pale mwandishi alimpa shemeji yake. Kwa wino wa bluu, herufi za kulalia kulia, anamshukuru kwa kuuza ng'ombe ili mtambo wa Dar ulipwe. Chini yake, kwa penseli na mwandiko wa mtu mwingine kabisa, shemeji kajibu: kwamba ng'ombe hakuwa mmoja, walikuwa wawili, na kwamba kwenye mti wa ukoo ukurasa wa mwisho watoto wake wawili wa kike wamerukwa. Nikageuza hadi mwisho. Kweli, kawaongeza mwenyewe kwa penseli, kachora na mistari. Kile kilichoko steshenari kwangu kwenye kompyuta hakina mabinti hao. Sasa niambie, historia sahihi ya ukoo ule iko wapi, kwenye faili langu au kwenye kabati la Mwalimu?

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni daftari la kutafutia vitabu. Maktaba nyingi utatafuta kwa mwandishi, jina la kitabu au somo. Hapa kuna sehemu ya nne: aliyepewa. Nilipitisha kidole pale nikaona jina la mwalimu mkuu mmoja wa zamani, mtu wa Old Moshi, linarudi tena na tena. Waandishi tofauti, miaka tofauti, wa dini tofauti, wote walimpelekea kitabu. Yeye mwenyewe hajawahi kuandika hata kimoja. Inaonekana alikuwa ndiye mtu ambaye ukimaliza kuandika unampelekea akusomee, na nadhani bila daftari lile hakuna mahali pengine popote ambapo kazi yake hiyo imeandikwa. Waandishi wenye majina kutoka mkoa huu, kama Elieshi Lema, utawasoma popote. Mzee wa namna hii utampata pale tu.

Vitabu wanavipata wapi? Vingine wanaleta waandishi. Vingi vinatoka kwenye misiba. Mzee akifariki, watoto wanakuja kutoka Dar, matanga yakiisha nyumba inasafishwa, maboksi ya vitabu yanakwenda kwa wauza vitabu vya mtumba wa kando ya barabara, na visivyonunuliwa vinaishia kufungia karanga. Mwalimu ana makubaliano na wauzaji kadhaa: wakifungua kava wakakuta mwandiko wanamtunzia, naye anawaongezea kidogo. Makubaliano haya yameleta ujanja wake. Kuna mmoja alianza kuandika mwenyewe! Alimletea Mwalimu kitabu chenye maneno mazuri sana ya mwandishi kwa rafiki yake, tarehe na kila kitu, ila tarehe ilitangulia mwaka wa kuchapwa kitabu chenyewe. Tangu hapo kila kinachoingia kinalinganishwa mwandiko na nakala nyingine za mwandishi huyo, na mwaka unaangaliwa kwanza.

Mapengo yapo, na Mwalimu hayafichi. "Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera" cha Petro Itosi Marealle, kilichotoka mara ya kwanza 1947, wanacho chapa mpya ya Mkuki na Nyota, haina mwandiko, imewekwa kwa heshima tu. Ya zamani yenye mkono wa mwandishi bado inatafutwa. Upande wa Meru ndiyo kabisa. Wameru walipoondolewa na serikali ya kikoloni kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951, Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa New York mwaka 1952 kuwasemea, na mwaka 1967 kikatoka kitabu cha kesi hiyo ya ardhi alichokiandika na wakili Earle Seaton. Pale hakipo, hata kisichoandikwa kitu ndani. Wenyeji wa Poli, Akheri, Nkoaranga, hebu fungueni masanduku ya babu zenu. Na wanawake ni wachache mno kwenye rafu zile, ingawa steshenari kwangu wanakuja karibu sawa na wanaume.

Sasa malalamiko, maana nisiposema nitakuwa nimefanya tangazo.

La kwanza ni muhuri. Vitabu vya mwanzo vyote vilipigwa muhuri wa maktaba ukurasa ule ule wenye mwandiko, wino wa zambarau, tena katikati. Kuna kimoja jina la aliyepewa limefunikwa lote, kimebaki "Kwa Mama" halafu duara. Yaani umekusanya kitabu kwa ajili ya mwandiko, halafu unaupigia muhuri juu! Siku hizi wanapiga nyuma ya kava la mwisho, lakini vile vya zamani ndiyo basi tena. Selotepu nayo ingefaa ipigwe marufuku mlango ule. Kurasa zilizochanika wameziunga kwa selotepu, imeshakuwa ya njano na gundi inashika ukurasa wa pili.

La pili, picha. Huruhusiwi kupiga hata moja kwa simu, unanakili kwa penseli. Nilimuuliza kwa adabu, "Mwalimu, hata cha miaka ya sabini?" Akanijibu kwamba watu waliandikiana mambo ya nyumbani, na wajukuu wao wako hapa hapa mjini. Hoja naiheshimu kwa vitabu vya juzi. Kwa vya miaka hamsini iliyopita naona anabana kupita kiasi, na kwa daftari la kutafutia naona hana sababu kabisa: lipo moja tu, la karatasi, na siku likiloa masika maktaba nzima itakuwa chumba cha kubahatisha. Nimejitolea kulitaipu bure. Bado anafikiria.

La tatu, saa za kufungua. Jumanne hadi Alhamisi, asubuhi peke yake. Mwenye duka, mwalimu, mtu wa ofisi, wote hamna nafasi hapo. Hata Jumamosi moja kwa mwezi ingetosha.

Kama unatafuta vitabu vya mtihani au mahali pa kujisomea, nenda maktaba ya mkoa, hapa utapoteza elfu yako. Kama unaandika historia ya kijiji, ukoo au usharika wako, anzia hapa kabla hujaanza kuzunguka kwa wazee. Kwangu ni nyota nne kati ya tano; ya tano imefunikwa na muhuri.

Waandishi mnaotaka kupeleka: pelekeni nakala mbili, moja tupu ya wasomaji na moja yenye mwandiko, wanalipa zote bei ya kava. Msiandike "kwa rafiki mpendwa", hilo haliwasaidii. Jina kamili, mahali, tarehe. Msitumie maka peni, inapenya hadi ukurasa wa nyuma. Na mkija kwangu kupanga kitabu nitawauliza kama mnataka ukurasa mtupu mwanzoni wa karatasi isiyong'aa, kwa sababu kwenye ya kung'aa wino unachelewa kukauka na mkono unauchafua. Wateja wengi wanadhani ukurasa huo unaongeza gharama. Hauongezi. Mtambo unachapa kurasa kwa mafungu ya nane au kumi na sita, na karibu kila kitabu kinabakiza moja au mbili ambazo hazina kazi.