Galaxy kwa anayejifunza kuchambua RNA akiwa Malindi

Kikwazo cha kwanza ni mashine. Programu ya STAR ikipanga visomo vya RNA (vipande vifupi vilivyosomwa na mashine) mahali pake kwenye jenomu ya binadamu hula RAM ya karibu GB 30, na laptopu ya GB 8 itaganda tu. Hapo ndipo Galaxy ya Ulaya, usegalaxy.eu, tovuti ya kuchambulia data za biolojia, inapookoa. Makao yake ni Freiburg, Ujerumani, ni bure, na kazi nzito hufanyika kwenye seva zao. Stima ikipotea Maweni usiku, kazi uliyoituma haisimami. Bando nalo linapona, mradi usishushe faili kwako kisha uzipandishe tena. Bandika kiungo au namba ya sampuli, seva izivute yenyewe.

Anza na somo la mafunzo ya Galaxy kuhusu seli za nzi wa matunda zilizonyamazishwa jeni ya Pasilla: sampuli 7, 4 hazikuguswa na 3 zilinyamazishwa. Utakagua ubora wa visomo, utavisafisha kwa Cutadapt, utavipanga kwa STAR, utahesabu vya kila jeni kwa featureCounts, kisha DESeq2 italinganisha makundi mawili. Uzuri wa somo hili uko kwenye mchoro wa PCA, unaoweka karibu sampuli zinazofanana. Mhimili wa kwanza unatenganisha zilizonyamazishwa na zisizoguswa, wa pili unatenganisha zilizosomwa ncha moja na zilizosomwa ncha mbili. Ukiliona hilo kwa macho, unaelewa mara moja kwa nini DESeq2 lazima ielezwe pia aina ya usomaji.

Panapoumiza wengi ni featureCounts, inapouliza mwelekeo wa uzi, yaani kama data zinaonyesha kisomo kimetoka uzi upi wa DNA. Data za somo hazina mwelekeo. Ukileta zako zenye mwelekeo wa kinyume ukachagua wa mbele, visomo vingi havitahesabiwa, na kazi itaisha kwa rangi ya kijani kana kwamba mambo ni shwari. Tazama asilimia ya visomo vilivyohesabiwa kabla ya kuendelea. DESeq2 nayo ipe hesabu ghafi, kamwe si TPM (hesabu zilizokwisha kusawazishwa), kwa sababu yenyewe ndiyo inayosawazisha tofauti ya wingi wa visomo kati ya sampuli. Kwenye matokeo, soma p iliyorekebishwa kwa kuwa jeni nyingi zimepimwa kwa pamoja. Badiliko la log2 la -3 maana yake jeni imeshuka mara 8.

Kasoro zipo: foleni huwa ndefu siku nyingine, na maelezo mengi ni ya Kiingereza. Nafasi pia ina kikomo. Faili za BAM, yaani visomo vilivyopangwa na STAR, zikishahesabiwa zifute, kisha uzifute kabisa, maana kufuta mara moja huzificha tu na nafasi hairudi.