Chati ya elementi ya shilingi 450: dhahabu imevalishwa namba isiyo yake

Chati yenyewe ni ya plastiki, upana wake kama mlango wa kabati, ina vibanzi vya bati juu na chini na uzi wa kuning'inizia. Nimeinunua kwa ajili ya binti yangu aliye sekondari, katika duka moja la vitabu na vifaa vya shule katikati ya mji. Mimi si mwalimu. Ni sonara, nafanyia kazi Mji wa Kale, na kemia niijuayo ni ile ya moto na tindikali. Kwa hiyo huenda nikasifu mahali ambapo mwalimu angepita tu, na nikakasirikia mraba mmoja ambao mnunuzi mwingine asingeutupia jicho.

Plastiki yake ni nzuri kwa hewa yetu. Chati za karatasi, hata zikifunikwa nailoni, unyevu huingia pembeni zikaanza kujikunja. Hii imetulia ukutani. Maandishi ni makubwa, mtu anasoma akiwa ng'ambo ya chumba. Kila mraba una alama, jina, namba ya atomu juu na uzito wa atomu chini, na zile elementi 20 za kwanza zimewekewa pia mpangilio wa elektroni: sodiamu 2.8.1, klorini 2.8.7, kalsiamu 2.8.8.2. Hapo ndipo pesa yangu ilipoenda. Mtoto akishaona kwamba sodiamu ina elektroni moja nje, na potasiamu chini yake 2.8.8.1 nayo ina moja nje, hana haja ya kukaririshwa kwamba zina tabia moja. Anajionea mwenyewe kwa nini zimesimama mstari mmoja.

Mimi nilitekwa na kundi la 11, katikati ya chati. Shaba namba 29, chini yake fedha namba 47, chini yake dhahabu. Vyote vitatu viko mezani pangu kila siku! Pete ya karati 22 ni sehemu 22 za dhahabu katika 24, na zile mbili zilizobaki mara nyingi ni hizo hizo fedha na shaba. Kwamba zinapatana motoni nilijua tangu ujana. Kwamba ni ndugu wa tumbo moja, huyu wa juu huyu wa chini, nimeambiwa na ukuta wa nyumba yangu. Na undugu wao una mipaka yake: ukidondosha asidi ya nitriki, shaba inachemka rangi ya kijani, fedha inaliwa, dhahabu haishtuki.

Mstari wa jirani, kundi la 12, nao nimeukodolea macho sana: zinki, kadimiamu, zebaki. Kadimiamu mafundi waliitia kwenye lehemu ili iyeyuke upesi, na moshi wake unaharibu mapafu. Zebaki ndiyo wachimbaji wadogo wanayokamatia chembe za dhahabu, halafu wanaichoma iruke, na mvuke wake ni sumu. Ukimwondoa zinki, hawa si jirani wa kuwakaribisha ndani.

Sasa aibu ya chati hii. Binti alikuwa akisoma kwa sauti namba za safu ya sita, mimi napiga tupa bangili, nasikiliza nusu nusu. Iridiamu 77, platinamu 78, akanyamaza.

"Baba, hebu njoo uone. Dhahabu wameiandika 97."

Nikaenda na miwani. Kweli, 97, kwa wino mzito, na jirani yake wa kulia ni zebaki 80. Mpiga chapa amegeuza tarakimu. Utasema ni jambo dogo, lakini namba ile ni hesabu ya protoni zilizo ndani ya kiini cha atomu, na hesabu hiyo ndiyo inayoifanya dhahabu iwe dhahabu. Protoni 79 ni dhahabu. Ongeza moja, ni zebaki. Punguza moja, ni platinamu. Na 97 ina mwenyewe: berkeliamu, elementi yenye mnururisho iliyotengenezwa maabara huko Berkeley, California, mwaka 1949. Kwa chati hii, maarusi wetu wote wanavishwa berkeliamu shingoni na mikononi, na mahari tumezitoa kwa kitu ambacho hakichimbwi popote.

Nilirudi nayo dukani. Kijana wa pale, mwenye adabu, akafungua nyingine, nayo 97. Akafungua ya tatu. "Mzee wangu, mzigo ni mmoja, zote ziko hivi." Halafu katika kutaka kunisaidia akaniwekea kidole kwenye agoni na potasiamu: "Hata hapa wamekosea, uzito umerudi nyuma." Hapo nikawa wakili wa chati. Agoni ni 39.9, potasiamu ni 39.1, na agoni inatangulia kwa haki, maana agoni ina protoni 18 na potasiamu 19. Ingepangwa kwa uzito peke yake, gesi isiyotaka kuungana na chochote ingeangukia chini ya sodiamu, metali inayowaka ikiguswa na maji.

Pembeni mwa chati wameweka picha ya Mendeleev, mwanakemia Mrusi aliyebuni jedwali hili la elementi, na mwaka 1869. Hiyo ni stahiki yake. Alipanga kwa uzito, akaacha nafasi tupu kwa elementi ambazo hazijaonekana bado, galiamu ikaja kukaa yake mwaka 1875 na germaniamu mwaka 1886. Lakini namba hizi zilizoandikwa kwa wino mzito zimesimama juu ya kazi ya Mwingereza Henry Moseley, aliyepima eksirei za elementi mwaka 1913, kisha akauawa vitani Gallipoli mwaka 1915 akiwa na miaka 27. Jina lake halimo hata kwa herufi ndogo. Pengine wangemtaja wangekuwa waangalifu zaidi na namba.

Mengine ni madogo. Miraba ya 113, 115, 117 na 118 bado ina yale majina ya muda, Uut na wenzake, ilhali majina rasmi, nihoniamu hadi oganesoni, yalipitishwa mwaka 2016. Na juu kabisa wameandika "toleo jipya"! Haya. Rangi zinaonyesha yabisi, majimaji na gesi, na chini kuna maelezo kwamba ni kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Galiamu imepakwa rangi ya yabisi, lakini inayeyuka kabla ya kufika nyuzi 30, na sesiamu huyeyuka mapema zaidi, nyuzi 28.5. Adhuhuri ya Februari hapa kwetu zote mbili zingekuwa zinachezacheza ndani ya chupa kama mafuta ya nazi. Hilo siwalaumu, ni joto letu.

Tuliishia wapi? Kijana alinirudishia shilingi 100, na binti akabandika kikaratasi chenye 79 juu ya lile kosa. Kwa 350 naiona chati ya haki. Kwa 450, na kosa kwenye elementi ambayo hata asiyekwenda shule anaijua, hapana. Ile ya karatasi inayouzwa kando ya barabara kwa 150 dhahabu yake ni 79 sahihi, ila haina mpangilio wa elektroni, na bila huo mtoto anabaki na orodha ya majina ya kukariri. Mkinunua hii ya plastiki, mwambieni muuzaji aikunjue mezani kabla hamjalipa, mshuke hadi safu ya sita, mhesabu kuanzia 77. Mzigo mpya ukija ukiwa umesahihishwa, lipeni bei yao.