Postmaster Tools ya Google: usiifurahie sifuri haraka

Haya jamani, karibuni tena. Leo sina simu wala spika. Nina kitu cha bure kabisa, Postmaster Tools ya Google. Kama unatuma barua pepe za biashara kwa wingi, humu ndimo unamoona ni asilimia ngapi ya barua zako wenye Gmail wamezibonyezea "ripoti taka".

Mimi huwaandikia wateja wa kampuni ndogo ya utalii Arusha. Miezi miwili iliyopita nikafanya ujinga: nikanunua orodha ya anwani kwa jamaa mmoja. Watu 2,000, hata jina letu hawalijui. Ebu tazameni grafu hapa… mnauona huo mlima? Ndiyo siku niliyowatumia.

Kuanza si kazi. Unaingia na akaunti ya Google, unapewa mstari wa maandishi, unaubandika kwenye mipangilio ya DNS, yaani rekodi za domeni (jina la tovuti) yako mtandaoni, basi.

Google inashauri malalamiko yabaki chini ya asilimia 0.1, na yasifike 0.3 kamwe. Pigeni hesabu: katika barua 1,000, wakikasirika watatu tu umeshafika. Watatu! Kikundi cha michango ya harusi kinapoteza zaidi ya hao kabla ya kikao cha kwanza.

Sasa mtego uko hapa. Asilimia hiyo inahesabiwa kwa barua zilizoingia kikashani. Zile ambazo Gmail yenyewe imezipeleka kwenye folda ya Taka hazimo, maana kule hakuna wa kulalamika. Baada ya ule mlima grafu yangu ikaporomoka hadi sifuri, nami nikashangilia. Kumbe barua hazifiki! Nilishtuka nilipoona hata ofa ya Ngorongoro haikupata jibu moja.

Kasoro nyingine: hakitaji nani kalalamika, cha Yahoo na Outlook hakikijui, na ukituma barua chache grafu inabaki tupu.

Halafu kuna sheria. Wateja wangu wengi wako Marekani, na CAN-SPAM ya 2003, sheria ya huko ya barua pepe za biashara, inakuruhusu kumwandikia mtu bila kumwomba ruhusa, mradi husemi uongo kwenye kichwa cha barua, unaweka anwani ya posta, na akikataa unamwondoa ndani ya siku 10 za kazi. Google ni wakali zaidi. Tangu 2024, anayetuma kwa wenye Gmail barua kama 5,000 au zaidi kwa siku lazima aweke kwenye matangazo yake njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja, na mtu awe ametoka ndani ya siku mbili. Yaani mahakamani huna kesi, na bado unalala Taka. Hapa Tanzania nako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inampa mtu haki ya kukuzuia kutumia taarifa zake kwa matangazo.

Nakipa saba kwa kumi. Ile orodha nimeifuta, nimebaki na watu 640 waliojisajili wenyewe. Grafu siku nyingi ni tupu, lakini juzi wanne wameuliza bei ya Julai.