Uchambuzi: Kujaza maji na kuwasha pampu ya maji ya moto kwa usalama

Ndugu watazamaji, salamu kutoka Mwandiga, nje kidogo ya mji wa Kigoma. Niko katika karakana ya kukamua mawese, na pampu mnayoiona hapa ndiyo inayozungusha maji ya moto kutoka kwenye boila hadi kwenye koili zilizomo ndani ya matangi ya mafuta. Ina impela moja, yaani gurudumu lenye mapanga linalosukuma maji, mota ya fezi tatu ya kilowati 2.2 inayozunguka takriban mara 2,900 kwa dakika, na kibati chake cha maelezo kinaruhusu maji ya hadi nyuzi 120. Bei nitaiacha, kwa sababu kinachonihangaisha ni dakika chache za kuiwasha, ambazo ndizo zinazoua pampu na kuunguza watu.

Kwanza tazameni tangi la maji linaloilisha pampu lilivyoinuliwa. Kigoma tuko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Maji ya baridi katika tangi lililo wazi hupata msukumo wa hewa unaolingana na kimo cha mita tisa hivi, lakini yakifika nyuzi 90, mvuke wake hula sehemu kubwa ya msukumo huo na kubakiza takriban mita mbili tu. Kibati hiki kinadai msukumo wa mita tatu kwenye mdomo wa kufyonza. Kwa hiyo tangi lazima liwe juu ya pampu kwa zaidi ya mita moja, na kuongeza kiasi kinachopotea kwenye bomba. Vinginevyo maji yatachemkia ndani ya impela, nanyi mtasikia mlio kama wa changarawe.

Sasa tuijaze. Umeme nimeuzima, swichi nimeifunga kwa kufuli na ufunguo uko mfukoni mwangu, na maji yamepoa. Nafungua valvu ya kufyonza hadi mwisho, kisha nalegeza taratibu nati hii ya shaba iliyo juu kabisa ya pampu. Sikilizeni: hewa inafoka, yanatoka matone ya rangi ya kutu yenye povu, kisha maji yananyooka kama uzi. Msikimbilie kufunga. Nazungusha shafti kwa mkono mara tatu, na povu linarudi tena, kwa sababu kulikuwa na hewa iliyojificha kati ya mapanga ya impela. Nasubiri uzi unyooke tena ndipo nakaza.

Jambo hili halitaki haraka, kwani sili ya shafti, yaani kizibo kinachozuia maji yasivuje pale shafti inapopita, hupozwa na maji haya haya. Miaka ya nyuma, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, tuliwasha pampu kavu ili tu kuangalia mota inazungukia upande gani, na sili ikapasuka. Mahali hapo hapo mwenzetu alifungua nati ya hewa maji yakiwa bado ya moto na yenye presha. Yaligeuka mvuke usoni pa nati na kumbabua mkono mpaka kwenye kiwiko. Bado naliona tukio lile kila ninaposhika spana.

Naondoa kufuli. Valvu ya kutolea nimeifunga karibu yote, kwa kuwa pampu ya namna hii huvuta umeme mdogo zaidi inapoanza hivyo. Nagusa swichi mara moja, mzunguko unafuata mshale, nawasha. Geji ya presha imepanda na kutulia, nami nafungua valvu polepole bila kuchelewa, maana maji yaliyofungiwa ndani hupata moto upesi. Sindano ikichezacheza, zimeni na mtoe hewa upya.

Mwili wa pampu hii ni imara na nati ya hewa imewekwa mahali panapostahili. Ila onyo kuhusu maji ya moto limewekwa ukurasa wa mwisho wa kitabu, na mshale wa mzunguko umepakwa rangi ile ile ya pampu; mimi nimeupaka mweupe. Mkiinunua, badilisheni nati hiyo kwa koki ndogo yenye mpira unaoelekea kwenye ndoo, ili mtoa hewa asimame pembeni.