Watoto wa Mama N'tilie: nunua kitabu chenyewe, uchambuzi usikutoshe

Mwezi wa tatu nilinunua nakala 12 za Watoto wa Mama N'tilie, ile riwaya ya Emmanuel Mbogo iliyotolewa na Heko mwaka 2002, kwa ajili ya darasa langu la jioni, na leo nataka nieleze kwa kirefu kidogo kilichotokea mana kila wiki kuna mtu ananiuliza, mwalimu nichukue kitabu au uchambuzi unatosha? Kwa asiyejua, uchambuzi ni zile pamfleti za elfu mbili zinazouzwa kila stendi, ndani unakuta dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika na sifa zao, mwanafunzi anameza yote kama yalivyo anaenda kuyatapika kwenye chumba cha mtihani. Jibu langu ni nunua kitabu. Kina kasoro zake na nitazisema, ila nunua kitabu.

Kwanza mjue nafundisha watu gani. Ni watu wazima, wengi wameshapita QT, yani ule mtihani wa maarifa, sasa wanajiandaa na kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, wengine wanaresiti, yani wanarudia mtihani. Nina madereva bodaboda wawili, fundi rangi mmoja, dada wa kazi za ndani ambaye bosi wake anamruhusu Jumatatu na Jumatano tu, kijana anayeokota chupa za plastiki anaenda kuuza kwa kilo, na nina mama mmoja, tumuite Mama Shani ingawa siyo jina lake, anauza chakula kwenye kibanda cha mabati karibu na gereji. Tunaanza saa kumi na mbili jioni. Yeye anaingia bado khanga inanukia moshi, anakaa benchi la nyuma dirishani, na miezi miwili yote ya mwanzo ukimuuliza swali anajibu "mwalimu, mimi bado".

Sasa kitabu kama bidhaa. Nilinunua elfu saba kila kimoja kwenye meza za vitabu mjini, na kati ya 12, vitatu vilikuwa vya kudurufu, jalada linang'aa vizuri kabisa lakini ukifungua ndani wino umefifia na maandishi yamepinda, kimoja kinaruka kurasa nane hivi, yani unasoma sentensi inaishia hewani unajikuta uko kwenye tukio lingine. Nikarudi kwa aliyeniuzia akaniambia kitabu kikishatoka mezani hakirudi. Iliniuma sana, ile hela tulichangishana mia tano mia tano. Kwahiyo ukienda kununua usiangalie jalada, fungua katikati, fuata namba za kurasa kwa kidole, bana mgongo uone kama gundi inaachia, halafu ndo utoe hela. Zile tisa halali ziko vizuri, maandishi yanasomeka hata kwa taa hafifu, ni kitabu chembamba cha kubeba mfukoni, na Kiswahili chake ni cha watu wa mjini, hakimtishi mtu ambaye mara ya mwisho kushika kitabu ilikuwa miaka kumi iliyopita.

Nilianza kufundisha kama nilivyofundishwa mimi, mhusika mkuu, wahusika wadogo, sifa za kila mmoja. Wakaandika. Hakuna aliyeuliza kitu. Wiki ya pili nikasema basi, daftari funga, tusome kwa sauti kila mtu kipande chake, na zamu ikamfikia Mama Shani. Akawa anasoma taratibu kidole kinafuata mstari, tuko pale ambapo Peter na Zita, watoto wa Mama N'tilie muuza chakula, wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya ada na sare, na kijana mmoja akadakia, lakini si huyu mama anauza chakula kila siku, hela anapeleka wapi? Mama Shani akafunga kitabu, kidole kikabaki ndani. Akasema "mwalimu naomba chaki".

Aisee sitasahau. Akasimama ubaoni akaanza kuandika hesabu ya siku hiyohiyo, siyo ya kwenye kitabu, ya kibandani kwake. Mchele kilo tano 14,000. Maharage kilo mbili 6,000. Mafuta 4,000. Mkaa 5,000. Nyanya na vitunguu 3,000. Maji 1,000. Jumla 33,000. Sahani 30 kwa 2,000 ni 60,000. "Faida mnaiona? 27,000." Wakaitika tunaiona. Akatoa 7,000 ya binti anayemsaidia, 3,000 ya kibanda, 1,000 ya usafi, ikabaki 16,000. Halafu akageuka akatuangalia akasema leo waliokula kwa mkopo ni wanane, mafundi wa gereji, gari halijalipiwa watalipa Jumamosi. Nane mara elfu mbili. Akaandika sifuri akaizungushia duara. "Na leo wateja walikuja wote. Haikunyesha."

Darasa kimya. Ile pamfleti kwenye sifa za Mama N'tilie imeandika ni mchapakazi na mvumilivu, basi, maneno mawili ambayo unaweza kumwandikia mama yeyote kwenye riwaya yoyote ya Kiswahili. Kuanzia siku ile darasani kwangu neno mchapakazi lina 33,000 ndani yake na lina watu wanane wa gereji. Tukarudi kwenye kitabu tukasoma tena sehemu zile zile tulizozipita haraka, na safari hii watu walikuwa wanasimamisha msomaji kila mara, hapo hapo, rudia hapo.

Tulibishana pia karibu nusu saa kuhusu jina lenyewe. N'tilie ni nitilie, mteja ananyoosha sahani anaomba atiliwe chakula, na siku hizi wengi wanapendelea kuitwa mama lishe, Mama Shani akiwemo. Dereva bodaboda mmoja akasema lakini mama sisi tunakuita hivyo kwa heshima, akamjibu mwanangu unaniita hivyo siku unayotaka mkopo. Halafu akaongeza kitu nikakiandika pembeni ya nakala yangu, kwamba kwenye hiki kitabu amependa mtu ameitwa hivyo lakini ana nyumba, ana watoto wenye majina, ana mawazo usiku, mana pale kibandani wateja wanamjua kuanzia sahani kushuka chini.

Suala la ada liligawa darasa. Wadogo hawakuamini. Ada ya sekondari za serikali mpaka kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, kwahiyo aliyesoma baada ya hapo anajua michango na sare, hajui kusimamishwa mstarini asubuhi asiyelipa ada atoke mbele. Wakasema mwandishi kazidisha, mwalimu gani anafukuza mtoto kikatili vile kama huyo Chikoya. Yule bodaboda mkubwa akawasikiliza mpaka mwisho kisha akasema yeye alitoka kidato cha pili mwaka 2011 kwa ada ya kutwa, elfu ishirini. "Elfu ishirini. Leo hii naipata kabla ya saa nne asubuhi." Hakusema kingine. Kijana aliyekuwa anabisha akamsogelea kwenye benchi, wakasoma nakala moja wawili mpaka kipindi kikaisha.

Halafu Tabata! Kwenye riwaya watoto wanaishia kuokota vitu kwenye jaa la Tabata, na darasa zima likashangaa, jaa? Tabata? Tabata wanayoijua wao ni nyumba za kupanga, baa na foleni. Ikabidi niwaeleze kwamba ni kweli kabisa taka za Dar zilikuwa zinamwagwa Tabata, wakazi walichoka na moshi na harufu wakaenda mahakamani mwishoni mwa miaka ya 80, jaa likaja kufungwa, taka zikahamia Vingunguti, baadaye Mtoni, na sasa ni Pugu Kinyamwezi. Yule kijana wa chupa za plastiki Pugu anaifahamu nje ndani. Akatueleza namna lori jipya linavyopokelewa, nani ana haki ya kuwahi upande gani, kwamba ukivaa viatu vya wazi umekwisha, na harufu unaizoea siku ya tatu ila nzi huwazoei. Ni mtu ambaye hajawahi kupata zaidi ya 30 kwenye jaribio langu hata moja, lakini jioni ile ndiye aliyekuwa mwalimu na mimi nikawa naandika.

Kifo cha Zita ndo kilituumiza. Anang'atwa na mbwa, hela ya tiba haipo, kichaa cha mbwa kinamuua mtoto. Dada wa kazi alilia, akatuambia kwao kijijini mdogo wake aling'atwa wakampaka majani wakamwombea, akapona kwa bahati tu, na yeye mpaka leo alikuwa hajui kwamba walimchezea maisha. Nikasimamisha fasihi kabisa siku hiyo, na hata wewe unayesoma hapa shika hili: ukiumwa na mbwa osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyohiyo ukapate chanjo, mana dalili zikishaanza kupona ni karibu haiwezekani.

Kasoro zipo, nilisema nitazisema. Fundi wangu wa rangi hakumkubali Mzee Lomolomo, yule mume mlevi wa Mama N'tilie. Yeye mwenyewe aliacha pombe miaka minne iliyopita, hafichi, na alichosema ni kwamba Lomolomo tunamuona amelewa tu, anaangusha familia tu, hakuna anayemkalisha chini amuulize imekuwaje. "Mimi nilikuwa na asubuhi ambazo sijanywa, mwalimu. Za kwake ziko wapi?" Mimi naona ana hoja. Baba mlevi kwenye fasihi yetu mara nyingi ni kama jiwe la kukwaza wengine, na mtu aliyewahi kuwa baba huyo anakaa darasani anasoma na hajioni mzima mle ndani. Na ile sehemu ya madawa ya kulevya naona inakwenda mbio, misiba imerundikana, wasomaji wangu walichoka wakaomba tupumzike.

Kasoro nyingine siyo ya kitabu, ni yangu mimi mwalimu. Nilifurahia yale mazungumzo nikasahau mtihani. Kwenye moko, ule mtihani wa majaribio, watu wanne waliandika maisha yao moja kwa moja, "kama mimi nilivyofukuzwa shule mwaka 2011", kurasa mbili nzuri kabisa, na msahihishaji akawapa alama kiduchu, mana swali linataka hoja tatu kutoka kila kitabu, tena vitabu vilivyo kwenye orodha. Tukabadilisha utaratibu. Sasa mtu anasimulia lake kwa mdomo kwanza, wenzake wanamuuliza maswali, halafu anarudi kwenye kitabu anatafuta tukio linalogusana na alichosema, anaandika ukurasa, anaandika nani alifanya nini, na mwisho anaandika mahali ambapo yake na ya kitabu yanaachana. Hapo kwenye kuachana ndo hoja nzuri zinatoka. Mama Shani aliandika kwamba yeye watoto wake hawakwenda jaani kwa sababu alikuwa na dada yake Mbagala wa kuwapokea, na Mama N'tilie anabeba mzigo peke yake, basi akajenga hoja nzima kuhusu familia ya mjini isiyo na ndugu wa karibu. Hiyo huikuti kwenye pamfleti yoyote, na imetoka ndani ya riwaya.

Usidhani pia inafanya kazi kwa sababu kitabu kinaongelea Dar. Tumesoma na Takadini ya Ben Hanson, Zimbabwe huko, Sekai anakimbia usiku na mtoto wake mwenye ualbino kabla wazee hawajamuua, na jina la mtoto maana yake ni sisi tumefanya nini. Nilidhani itawapita. Kumbe fundi rangi ana mpwa mwenye ualbino Kanda ya Ziwa, na akaeleza ile miaka ambayo mama yake mtoto alikuwa hamuachi aende hata chooni peke yake. Alipomaliza akauliza swali moja tu, Sekai alikuwa na mzee Chivero wa kumpokea na kumfundisha mtoto kupiga mbira, ile ala ya muziki, dada yangu alikuwa na nani? Tulitumia vipindi viwili.

Kwahiyo nikipewa nyota tano hiki kitabu nakipa nne. Moja naipunguza kwa ajili ya Lomolomo na ile mbio ya mwisho. Pamfleti siwezi kukataza watu wasinunue, ina faida wiki ya mwisho kwa kukumbushia majina, lakini usianze nayo, mana ukishaambiwa Mama N'tilie ni mvumilivu hutamsogelea tena. Na msikubali wale wanaotuma kurasa zilizopigwa picha kwenye simu, nusu hazisomeki na mwandishi hapati kitu.

Nakala namba saba, ile ya Mama Shani, imerudi jana ina alama ya mafuta ya kula kwenye pembe za kurasa karibu zote. Alikuwa anasoma kibandani kati ya saa tisa na saa kumi, wateja wakiwa wamepungua, na kasema binti yake wa kidato cha tatu naye anaitaka, nimemwambia akae nayo. Sasa nahitaji nakala nne, moja ya kujaza nafasi yake na tatu za kuziba zile za kudurufu. Mwenye kumjua muuzaji Dar ambaye vitabu vyake vina kurasa zote anielekeze, hela tayari tumeshachangishana.