Hedifoni za kusikia nyayo za adui kwenye gemu: ukiwa Tanga, anza kununua nini

Mpwa wangu alikuja nyumbani Makorora na hedseti mpya, taa nyekundu zinawaka pande zote mbili, na kwenye boksi imeandikwa 7.1, yaani sauti ya mzunguko kama ya spika nyingi, kwa herufi kubwa kuliko jina la kampuni. "Mjomba, nimetoa laki na nusu, na bado nauawa kwa nyuma." Nikamwambia akae acheze Valorant, gemu ya kupigana risasi, nimtazame. Raundi tatu nzima adui akija kushoto yeye anageuka kulia, au anatulia tu akisubiri kupigwa. Tukasimamisha. Nikazima 7.1 kwenye programu iliyokuja na hedseti, nikawasha HRTF (nitaieleza hapa chini) ndani ya gemu, nikashusha muziki hadi sifuri. Hedseti ni ile ile. Raundi iliyofuata alinyoosha kidole kwenye kona ya skrini na kusema, "Huyo anakuja pale." Akaja pale pale.

Ile laki na nusu ingeweza kubaki mfukoni. Ndiyo maana nafasi ya kwanza kwenye orodha yangu nimeipa kitu ambacho hakuna duka linalokiuza.

Nafasi ya 1: mipangilio, shilingi sifuri

Sikio hujua upande kwa mambo machache. Sauti ya kushoto hufika sikio la kushoto mapema kidogo, tofauti isiyofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, na kichwa huikinga isifike kulia na nguvu yake yote. Mbele na nyuma, juu na chini, hutambuliwa zaidi kwa mikunjo ya sikio la nje, ambayo huibadili sauti kulingana na inakotokea. HRTF ni hesabu inayoigiza hayo yote: gemu inajua adui alipo, inakutengenezea sauti mbili tu, ya kushoto na ya kulia, na ubongo wako unamalizia. Spika mbili zinatosha kabisa.

Tatizo huanza pale gemu imeshafanya hesabu hiyo, kisha programu ya hedseti ikaifanya tena juu yake, na pengine Windows Sonic, sauti ya mzunguko ya Windows yenyewe, nayo imewashwa. Ni mchuzi uliotiwa chumvi na wapishi watatu. Chagua mpishi mmoja. Kama gemu ina hesabu yake, mwachie gemu, na kwenye Windows uzime sauti ya mzunguko, uache stereo ya kawaida. Gemu ikiwa haina, hapo ndipo Windows Sonic, ambayo ni ya bure, inapopata kazi.

Kwenye Counter-Strike 2, gemu nyingine ya risasi, ingia sehemu ya sauti utafute EQ Profile. Kuna Natural, Crisp na Smooth. Jaribu Crisp kwanza, inang'arisha sauti kali kali kama mkwaruzo wa kiatu na kubadilisha risasi. Lakini kama hedifoni zako tayari ni kali, Crisp itakuchosha masikio kabla ya nusu saa, basi rudi Natural. Hapo hapo kuna L/R Isolation, inayoamua kushoto na kulia vitengane kiasi gani. Usiipandishe hadi mwisho ukidhani utasikia upande vizuri zaidi. Utasikia kushoto na kulia vizuri, ila ile hisia ya mbele na nyuma inapotea.

Kisha Equalizer APO. Ni programu ya bure ya Windows ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti, haina matangazo, na kompyuta dhaifu haiielemei. Chini ya hezi 100 punguza desibeli 4 hadi 6, maana mabomu na mingurumo hukaa huko na hufunika kila kitu. Kati ya hezi 2,000 na 4,000 ongeza kama 3. Ukiongeza 3 popote, shusha sauti ya jumla kwa 3 kwenye programu hiyo hiyo, la sivyo sauti kubwa zitapasuka. Mpwa wangu alisahau hatua hii, akadhani spika imekufa.

Kuna pia Loudness Equalization, ambayo baadhi ya kompyuta zinayo kwenye mipangilio ya spika za Windows. Inapandisha sauti ndogo na kushusha kubwa, kwa hiyo nyayo za mbali zinasikika wazi. Wengi wanaiapia. Mimi siiwashi, kwa sababu adui wa mbali na wa karibu wanaanza kusikika sawa, na umbali ni nusu ya habari unayoitaka.

Nafasi ya 2: iafoni za waya za dola 20

Hapa ndipo pesa ya kwanza iende, na sababu yangu kubwa ni hali ya hewa yetu.

Anayeandika ushauri wa hedifoni akiwa kwenye nchi ya baridi hajui feni. Sisi tunacheza na feni imewashwa juu ya kichwa au mezani kandokando, hasa miezi ya kaskazi. Feni ina mvumo wake, na mvumo huo unazifunika nyayo ndogo kabla hazijakufika. Unachofanya ni kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 za wiki, na anayecheza kila usiku huku anashindana na feni anaweza kuvuka hapo bila kujua. Iafoni inayoziba tundu la sikio vizuri hukata mvumo huo, ukasikia zaidi kwa sauti ndogo. Tena haikufuniki sikio zima, kwa hiyo hutoki jasho.

Dola 20 hivi ndiyo bei ambayo 7Hz Salnotes Zero na Moondrop Chu II ziliingilia sokoni, na kwa kusikia upande zinazishinda hedseti nyingi za bei mara tatu yake. Ongeza usafiri hadi mkononi. Waliozoea huagiza mtandaoni au kwa mtu wa Kariakoo, mzigo ukashushwa na basi. Zote mbili waya wake unachomoka. Usilichukulie hili kuwa dogo, maana waya hukatika kwenye shingo ya jeki kabla ya kitu kingine chochote, na waya mpya ni bei ya chakula cha mchana. Chu ya kwanza, ya mwaka 2022, waya wake ulikuwa hauchomoki, kwa hiyo ukiuziwa ya zamani angalia hilo.

Bajeti ikiwa chini ya hapo, iafoni za kampuni ya KZ zina matoleo rahisi zaidi, yenye maiki na yasiyo na maiki. Mengi yana besi nyingi. Equalizer APO itaipunguza.

Jaribu saizi zote za mpira zilizo kwenye pakiti. Mpira mdogo kuliko sikio lako unavujisha besi na kuingiza feni, nawe utailaumu iafoni bure. Wengi tuna sikio moja lenye tundu kubwa kuliko jingine. Si kosa kuvaa saizi mbili tofauti.

Maiki ni suala la pembeni. Ukichukua isiyo na maiki, kimaiki cha kubana kwenye kola kinatosha kuongea na timu, ila hesabu mistari myeusi kwenye jeki. Laptopu nyingi za sasa zina tundu moja linalotaka jeki ya mistari mitatu. Kompyuta ya mezani ina matundu mawili, la kijani la kusikilizia na la waridi la maiki, na huko iafoni yenye maiki yake, ya jeki ya mistari mitatu, itahitaji kigawanyio.

Nafasi ya 3: kadi ndogo ya sauti ya USB, kama una kelele tu

Usinunue kabla hujapima. Vaa hedifoni, usicheze chochote, pandisha sauti. Ukisikia mvumo au mlio unaobadilika ukisogeza mausi, huo ni umeme wa ndani ya kompyuta unaovuja kwenye sauti. Kwenye kompyuta ya mezani, hamisha jeki kutoka tundu la mbele kwenda la nyuma. Mara nyingi kelele inaisha hapo hapo na umeokoa pesa. Kwenye laptopu, chomoa chaja. Kelele ikikoma, tatizo liko kwenye chaja au kwenye soketi isiyo na ethi, na nyumba nyingi za zamani Ngamiani zina soketi za hivyo. Fundi umeme akuwekee ethi. Hilo lina faida kubwa kuliko sauti ya gemu.

Kelele ikibaki, kadi ya USB itaitibu. Kile kiwaya cha Apple cha kutoka USB-C kwenda jeki kimeuzwa dola 9 na ni kisafi sana kwa bei hiyo. Zaidi ya hapo hapana haja. Mtu anayekwambia ununue amplifaya kwa ajili ya iafoni ya dola 20 anakuuzia, hakusaidii.

Nafasi ya 4: hedseti iliyofungwa, ya kawaida

Kuna wasiovumilia kitu ndani ya sikio, na kuna wanaotaka maiki nzuri bila kuunganisha vitu viwili. Kwao HyperX Cloud II bado ni chaguo la heshima ingawa ni ya mwaka 2015: fremu ya chuma, maiki inayochomoka, na boksi za mwanzo zilikuja na pedi za pili za kitambaa cha mahameli. Hizo pedi za kitambaa ndizo uzivae hapa kwetu. Kikasha chake cha USB kina kitufe cha 7.1, kiache kimezimwa.

Pedi za ngozi bandia ni adui mkubwa Pwani. Jasho na unyevu huziharibu. Niliwahi kununua hedseti mwezi wa kumi na moja, kufika mwezi wa tatu ngozi inabanduka vipande vyeusi vinavyoganda shingoni na kwenye kola ya shati. Duka lililoniuzia halikuwa na pedi za akiba. Kabla ya kulipa, uliza: pedi za aina hii zinapatikana? Muuzaji akikutazama tu bila jibu, rudisha pesa mfukoni.

Nafasi ya 5: hedifoni za wazi

Kwa sauti tupu, hizi ndizo bora kuliko zote nilizozitaja. Sennheiser HD 560S, au Philips SHP9500 kwa bei ya chini zaidi: vikombe vyake vina matundu nyuma, sauti inapumua, adui unamsikia kama yuko chumbani na si ndani ya kichwa. Hazikutoi jasho sana. Ila kila kilicho nje kinaingia: feni, bajaji inayopandisha, TV ya jirani, na sauti yako ya gemu inatoka inamwamsha uliyelala naye chumba kimoja. Nimeziweka ya tano kwa ajili ya nyumba tulizonazo. Kama una chumba chako peke yako, kimya, pengine upande wa Raskazone na kiyoyozi cha mvumo mdogo, zipandishe hadi ya pili.

Zilizobaki

Za taa na 7.1 zisizo na jina: nilifungua moja kwa bisibisi. Kila kikombe kina spika moja, saizi ya kifuniko cha chupa ya maji, na nyuma yake kipande cha chuma kilichogundishwa ili uhisi uzito mkononi. Hizo 7.1 ni programu tu, na kazi hiyo gemu inakufanyia bure.

Bluetooth usiitumie kwenye mashindano. Sauti huchelewa, mara nyingi zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde, na ukiwasha maiki yake sauti nzima inashuka ikawa kama simu ya zamani. Kama lazima usiwe na waya, tafuta zenye kipokezi chake cha USB cha gigahezi 2.4, hizo ni za haraka, ila bei inapanda.

Ukifika dukani

Nenda na simu au laptopu yako, na sauti ya mtu anayeongea iliyorekodiwa kwa maiki moja, hata ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Vaa, fumba macho. Sauti hiyo lazima ikae katikati ya kichwa. Ikiegemea upande, geuza hedifoni, ya kulia uivae kushoto. Mwegemeo ukihamia upande wa pili, spika hazilingani, na hedifoni hiyo haitakwambia ukweli adui alipo hata uipangie nini; mwambie kaka akupe nyingine. Mwegemeo ukibaki pale pale, basi ni sikio lako, na huenda ni nta tu. Usichokonoe na pamba, nenda hospitali wakaliangalie.

Kisha tikisa waya karibu na jeki huku sauti inacheza. Ikikatakata hata mara moja, iache.

Ukiwa nayo nyumbani, futa jeki kwa kitambaa chenye spiriti kidogo kila mwezi, maana chumvi ya bahari huila na kuacha ukungu wa kijani unaoleta mikwaruzo. Iafoni zihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye boksi za viatu.